Mita Thelathini Kutoka Dirisha la Jikoni

Kwa miaka yote ya ndoa yao, kitu kilichomchosha Mwalimu Wanjugu kuliko vyote ni kwamba mumewe hawezi kusikia neno msaada akabaki amekaa. Wahome si mwizi, tuelewane hapo. Ni mzee wa kanisa, ni mwenyekiti wa majirani wa kule bondeni Mutuini, na akiombea chakula hukiombea mpaka kipoe. Lakini cha bure humtoa akili. Zikigawiwa kofia za kampeni, moja ataivaa na nyingine ataificha kwapani, tena ya chama ambacho hakipigii kura. Wanjugu alisema, akanyamaza, akasema tena, mwishowe akaacha. Mtu mzima huwezi kumpeleka nasari upya.

Basi ikaja ile mvua ya masika iliyoliliza jiji zima. Kijito cha Mutuini, ambacho siku za kawaida bata hukivuka bila kulowa tumbo, kilijaa, kikalipanda shamba la nduma, kikabeba kibanda cha kuku na kuku wenyewe, kikafika kwenye mgomba wa mwisho na kusimama. Hapo hapo. Wanjugu alikuwa mlangoni pa jikoni, amevaa gambuti zake, anayatazama maji kwa macho yake mawili. Hayakupiga hatua nyingine kumjia. Akamshukuru Mungu, akarudi kukoroga uji.

Maji yalipopungua, habari zikapanda bonde na kushuka: wahisani wameleta magodoro kwa chifu. Sharti lilikuwa moja tu. Nyumba iwe imeingiwa na maji, na chifu angepita mwenyewe kuangalia alama ya matope ukutani. Wanjugu akasikia ndoo ikiburutwa nje. Alipotoka alimkuta mzee wa kanisa amepiga magoti, kitambaa cha kupigia deki mkononi, anaupaka ukuta wa jikoni tope la shamba la nduma.

"Baba Norman, unafanya nini?"

"Naonyesha."

"Unaonyesha nini?"

"Pale maji ingefika kama ingeendelea kupanda."

Mstari wenyewe ulikuwa umenyooka kama wa rula. Maji gani hayo yanayopiga rula? Jirani yao Mungai aliuona kupitia ua, akaingia kwake akachota tope lake. Kufikia saa sita mchana safu nzima ya nyumba za bondeni ilikuwa na mstari, na kwa kuwa Mungai hakubali kushindwa na mtu, wake uliupita wa Wahome kwa kiganja. Hilo Wahome hakulivumilia. Mwenyekiti atafurikiwaje kidogo kuliko wananchi? Akarudi na ndoo, akaupandisha mstari mpaka usawa wa katikati ya dirisha la jikoni, na chifu alipokuja akampiga picha akiwa ameunyooshea kidole, amevaa huzuni ya kuazima.

Godoro likaja. Wanjugu alikasirika kweli kweli, akasema hatalilalia. Usiku ule mgongo ukamuuma, akalilalia. Lilikuwa godoro zuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Nyumba za huko juu hazikupakwa tope, na iliyo karibu zaidi ilikuwa ya Nzula. Nzula ni mjane kutoka Makueni, muuzaji wa mapazia ya mitumba pale Dagoretti Corner. Alianza kama mpangaji wa Wahome, akajinyima, akanunua kutoka kwa Wahome kipande cha ardhi kilicho juu ya nyumba yao, upande wa barabara. Alijenga chumba baada ya chumba, mwaka huu ukuta, mwaka ujao mabati, mpaka akaweka vigae sebuleni na kuita watu wa kanisa waje kuviombea. Yeye na Wanjugu walikuwa marafiki wa kuombana chumvi, kusukana nywele na kuwasema wanaume. Wahome alipomshauri achote tope naye, Nzula alicheka.

"Zii, Baba Norman. Maji haikunifikia. Nikichukua hiyo godoro, Mungu ataniletea maji ndio nisikuwe muongo."

Wahome akasema Wakamba wana kiburi. Wanjugu alikuwa amechoka kumjibu.

Miezi ikapita, watu wakasahau. Kisha asubuhi moja wakaja vijana wa kaunti na makopo ya rangi, wakashuka bondeni wakichora alama nyekundu milangoni. Walimchorea Wahome, wakamchorea Mungai, wakaichorea safu yote. Halafu, badala ya kugeuka na kwenda zao, wakapanda kilima na kuichora milango ya huko juu pia, hata wa Nzula, mlango wa mbao aliokuwa ameupaka vanishi juzi tu. Nyumba hizi zote, walisema, ziko ndani ya ardhi ya mto. Wenyewe waanze kuhama.

Nzula alishuka kwa Wanjugu bila viatu.

"Mama Norman, hebu niambie kama mimi ni mjinga. Mto uko huko chini. Mimi niko huku juu. Hata choo yangu haijawahi ona maji. Wamenichorea kwa nini?"

"Wamekosea," Wanjugu akasema. "Lazima wamekosea."

"Uende uwaulize. Wewe ni mwalimu, wewe watakusikiza. Mimi nikienda nitalia, halafu waniambie nikuje kesho."

Wanjugu akaenda mjini. Aliipata ofisi katika ghorofa ambayo lifti yake ilikuwa na karatasi ya kusema haifanyi kazi, karatasi yenyewe imegeuka manjano, na akapanda ngazi huku akiwahesabia watu dhambi zao. Meza ya kwanza walimwambia kijito kinapimwa mita sita. Meza ya pili wakasema, nani amekwambia sita, ni thelathini. Ya tatu wakasema inategemea upana wa mto, lakini kwanza alete ramani. Ramani ilipopatikana ilikuwa ya enzi za wazungu, na kijito hakikuwemo.

"Mtoto wa nasari akiniambia mbili na mbili ni nne," Wanjugu akawaambia, "na mwenzake aseme ni tisa, mmoja namwambia arudie. Nyinyi nani anarudia?"

Walimwelekeza kwa mpimaji, labda ili aondoke tu. Mpimaji aliitwa Zedekiah, mwanamume mpole mwenye macho ya mtu anayetukanwa kutwa. Alimpa kiti, jambo ambalo wengine wote hawakulifikiria, akamweleza taratibu.

"Mama, maneno ni mengi lakini ukielewa matatu umeelewa yote. Kuna ukingo, yaani pale ardhi inaachana na maji. Kuna uwanda wa mafuriko, ile sehemu mto hujitandaza ukijaa. Halafu kuna riparian, ardhi ya kando ya mto. Hiyo hakuna mtu anaruhusiwa kujenga."

"Na hiyo riparian inaanzia wapi?"

"Hapo ndipo watu hugombana. Sisi tunaanzia pale maji iliwahi kufika juu kabisa, ikaonekana, ikarekodiwa. Ukishapata hapo, unapima mita thelathini ukipanda."

"Basi mmekosea kwetu. Kwetu maji ilifika kwa ndizi."

Zedekiah akabonyeza kompyuta yake, akaigeuza ili mama aone. Wanjugu akajiona kwake. Dirisha lake la jikoni, ukuta wake, mstari wa tope, na mumewe wa ndoa amenyoosha kidole. Dirishani, chini kabisa ya ule mstari, lilining'inia pazia jeupe la lesi ambalo Nzula alimpa Krismasi. Lilikuwa safi. Maji yaliyofika katikati ya dirisha yaliliruka pazia lisiingie doa.

Wanjugu alitamani kucheka, akatamani kulia, na zaidi ya yote akatamani Wahome awe pale karibu amfinye.

"Nyumba zote za chini zina hii alama," Zedekiah akasema. "Yenu ndiyo ya juu kabisa. Kwa hivyo tukaanzia kwenu. Mita thelathini kutoka hilo dirisha inapita juu ya huyo jirani yenu mpaka karibu na barabara."

"Na kule Kitisuru kwa matajiri?" Hasira ilikuwa inatafuta pa kutokea. "Nilienda huko kumwona hedimistresi wangu wa zamani. Kuna mtu amejenga banda la kuchomea nyama juu ya mto. Juu, si kando. Maji inapita chini ya viti. Huyo mmemchorea?"

Zedekiah akatazama mlango, akapunguza sauti.

"Kule hakuna mtu amewahi kuripoti maji, mama. Nyumba ikijulikana inafurika, nani ataitaka tena? Maji ikiingia sebuleni wanafunga geti, wanaita watu wa deki, wananyamaza. Sasa mimi sina rekodi. Bila rekodi naanzia kwa mto wenyewe."

"Kwa hivyo mto yao haijai."

"Kwa makaratasi, haijai."

Wanjugu akaitazama tena ile picha. Tajiri ameyaficha maji yake, maskini ameyaongeza yake kwa kitambaa cha deki, na serikali imewaamini wote wawili. Ukilifikiria sana jambo hilo unaweza kuvua kiatu ukakitupa dirishani.

"Na kama hii alama si ya maji?" akauliza mwishowe. "Kama mtu aliichora?"

"Rekodi ya maji haishukagi, mama. Hupanda tu." Zedekiah akajikuna shingo. "Labda mwenye nyumba asimame mbele ya watu aseme hivyo, na atuonyeshe alama ya kweli. Tutakuwa na baraza huko kwenu kabla ya kazi kuanza. Hiyo ndiyo nafasi iko."

"Tukianzia kwa ndizi, mita thelathini inafika wapi?"

Alipima kwenye ramani yake ya kompyuta, akapima tena. Alipoinua uso alikuwa ameshamwonea huruma.

"Huyo jirani wa juu anatoka. Wengine wa huko juu pia. Lakini nyumba yako, mama, bado iko ndani. Hiyo yako hata nikitaka siwezi."

Wanjugu alirudi nyumbani na hilo kifuani. Alimkuta Wahome uani anaichonga fimbo ya baraza, maana mwenyekiti haendi barazani mikono mitupu. Akamwambia yote aliyoyaona na kuyasikia, akamaliza kwa kumwambia asimame barazani Jumamosi aseme ukweli. Wahome akaendelea kuchonga.

"Yetu itabaki?"

"Yetu inaenda. Ya Nzula ndiyo itabaki."

"Sasa unataka nivuliwe nguo mbele ya kanisa, mbele ya chifu, halafu bado nibomolewe?" Aliuliza kwa upole, na upole wa Wahome hukera kuliko makelele ya mtu mwingine. "Kama ingeokoa yetu, ningesema. Lakini nyumba inaenda, na jina langu nalo liende?"

"Nzula umemuuzia hiyo ardhi wewe mwenyewe."

"Nilimuuzia ardhi kavu."

"Halafu ukaimwagilia maji!"

"Mama Norman, tutamwombea."

Wanjugu aliingia ndani, akafunga mlango kwa kishindo, akaufungua, akaufunga tena kwa sababu mara ya kwanza haikutosha. Alilia kwa hasira. Ni kweli nyumba yao ilikuwa inaenda. Alizaa watoto ndani yake, alipika ndani yake miaka yote, na hakuna ukweli wowote ambao ungeirudisha. Angekuwa anajidhalilisha ili mtu mwingine alale pazuri. Alijaribu kukaa na wazo hilo, alione kama linakalika. Mara likakalika, mara likakataa.

Kesho yake akapanda Dagoretti Corner kumwambia Nzula. Hiyo ndiyo nia aliyotoka nayo nyumbani, aapishwe popote. Nzula alikuwa katikati ya mapazia yake, mashada ya maua na milia yamening'inia pande zote, anabishana na mteja. Alipomwona Wanjugu alimwacha mteja akamvutia stuli.

"Wamesema nini?"

"Wamesema... kuna baraza Jumamosi. Kila mtu atasikizwa."

"Kwa hivyo kuna matumaini?"

"Yako."

"Mungu akubariki, Mama Norman. Bila wewe ningefanya nini?" Nzula akamkamata mikono yote miwili. "Unajua sijalala? Nafikiria vile vigae. Ati kigae ukikitoa kinavunjika, hukiweki kwingine."

Wanjugu akanywa chai aliyonunuliwa, akaaga, akashuka. Njiani alijitukana kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, na lugha zote mbili hazikumtosha. Wahome alikuwa mwongo wa tope. Yeye alikuwa mwongo wa chai.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa kanisa. Chifu akafungua, Wahome akaomba, akaombea mto, akaombea kaunti, akaiombea hata mashine ya kubomoa iwe na subira. Zedekiah akaeleza maneno yake matatu. Kila alipotaja riparian watu waliguna, maana kila mmoja alikuwa na njia yake ya kulitamka na chuki yake ya kulichukia. Aliposema kipimo kimeanzia dirisha la mwenyekiti, ambako maji yalifika juu kabisa, Nzula akasimama.

"Injinia, mimi nauliza tu. Hiyo siku nilikuwa nyumbani. Nilisimama kwa veranda yangu nikaona hayo maji. Sikuona yakifika kwa dirisha ya Mama Norman. Lakini labda mimi nilikuwa mbali." Akageuka. "Baba Norman, ilifika?"

Uwanja wote ukamtazama Wahome. Mungai akakohoa. Watu wa bondeni wote waliolalia magodoro wakaanza kuchunguza viatu vyao. Wahome akasimama na fimbo yake mpya.

"Maji ni kitu ya ajabu," akasema. "Inaweza kufika na isifike."

Hapo ndipo Wanjugu alipochoka. Hakuwa jasiri. Wale waliosimulia baadaye kwamba alikuwa jasiri walimwongezea. Alichoka tu, uchovu wa miaka yote ya kofia za kampeni ukampanda kwa pamoja, na miguu ikamsimamisha kabla hajaiambia.

"Haikufika," akasema. "Ilifika kwa ndizi ikasimama. Hilo tope tulipaka. Injinia, angalia ile picha yako vizuri. Kuna pazia jeupe hapo chini ya mstari. Umewahi kuona maji ya mafuriko yakiingia dirishani na pazia linabaki jeupe?"

"Wewe mama, wacha kutuharibia!" Mungai akapaza sauti.

"Sikutaji, Mungai. Nasema yangu. Ya kwako utasema na Mungu wako."

Kelele zikazuka, chifu akapiga meza, mtu akaitwa msaliti na mwingine akaitwa mwizi wa godoro. Wahome alikaa. Alizeeka pale pale kitini, na Wanjugu alimwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja, kama alivyozoea. Zedekiah alisubiri watulie, akasema neno la mama peke yake halitoshi, waende wakapime mbele ya kila mtu.

Uwanja mzima ukashuka bondeni. Wanjugu aliwapeleka hadi mgomba wa mwisho, ambao bado ulikuwa na taka za mafuriko zimekwama shinani, vitambaa na chupa za plastiki, na juu yake hakukuwa na taka tena, ni nyasi tu. Zedekiah alizunguka, akainama, akachimba kidogo kwa kidole, akaridhika. Alitafuta mtu wa kushika mwanzo wa utepe. Hakuna aliyenyoosha mkono, kwa hiyo Wanjugu akaushika mwenyewe.

Utepe ukapanda. Ukapita uani, ukapita jikoni, ukapita chumba cha kulala, ukatoka nyuma ya nyumba yao na kufika kwenye sukuma wiki. Hapo mita thelathini zikaisha. Ua wa Nzula ulikuwa mbele kidogo, na ungeweza kusimama katikati ukaona kwa macho nafasi iliyobaki.

"Mama," Zedekiah akasema, mbele ya wote, "unaelewa hii inamaanisha nini kwako?"

"Naelewa. Nilikuuliza tangu siku ile."

Ilimtoka tu. Alikuwa na maana ya kumwondolea kijana wa watu mzigo. Lakini Nzula alikuwa amesimama uani kwake, mkono mdomoni, machozi ya furaha yameshaanza, na Wanjugu aliuona uso ule ukisimama, ukirudi nyuma, ukihesabu. Siku ile mjini. Stuli, chai, mikono yote miwili.

"Ulijua," Nzula akasema. "Ulikuja kwa kazi yangu ukakunywa chai, na ulijua."

"Nzula..."

"Na hilo tope ulijua tangu mwanzo."

"Nilijua."

Nzula akaingia ndani, akafunga mlango wake wenye alama nyekundu. Watu wa juu waliookoka wakatawanyika wakizungumza mambo mengine. Hakuna hata mmoja aliyesema asante. Kwao, Wanjugu alikuwa mke wa yule aliyewatia matatani, basi.

Wiki zile za mwisho Nzula hakushuka kuomba chumvi. Vijana wa rangi walikuja wakaufuta mlango wake kwa mafuta ya taa, na doa jekundu likabaki kwenye vanishi. Wakikutana njiani alipita, akisalimia hewa. Wanjugu alimtumia mtu na sahani ya nduma, sahani ikarudi na nduma zake. Wahome naye aliacha kuombea chakula kwa urefu. Aliomba kwa maneno mafupi, akala, na wakati mwingine alimtazama mkewe kana kwamba anataka kusema jambo, akachukua chumvi.

Mashine ilikuja asubuhi yenye mawingu mazito. Haikukawia. Nyumba iliyochukua miaka kujengwa ilianguka kabla chai haijapoa, na dereva akageuka kwa Mungai, maana Mungai alikuwa amebaki ndani akisubiri miujiza. Vitu vya Wanjugu vilikuwa kando ya barabara: kitanda, sufuria, kabati lisilofunga, picha ya harusi ya Norman. Mtu aliyeahidi pikapu hakupokea simu. Wahome alisimama kando, fimbo mkononi, hana tena watu wa kuwaongoza.

"Wanjugu," akasema. Tangu wazae hakuwa amemwita kwa jina. "Ningesema mimi. Ilikuwa ya kwangu kusema."

"Ndiyo. Ilikuwa ya kwako."

Hakumwongezea wala kumpunguzia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, barabarani, mbele ya wapita njia wote, na tone la kwanza la mvua likamdondokea mkononi. Akalitazama. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

Mlango wa Nzula ukafunguka. Alitoka na leso kichwani, akavuka, akasimama mbele yake mikono kiunoni. Hakuwa anatabasamu hata kidogo.

"Mimi nimekukasirikia," Nzula akasema. "Nataka ujue hivyo. Sijamaliza, na sijui nitamaliza lini."

"Najua."

"Ningekuwa nimehama kwa sababu ya godoro. Godoro, Mama Norman! Na wewe unaniangalia."

"Najua, Nzula. Sina la kusema."

"Sawa, usiseme." Akalibeba kabati kwa upande mmoja, akampa ishara ashike upande wa pili. "Inuka. Mvua inakuja. Nitakukasirikia tukiwa ndani."